Mutu Moja ya Kushika Kichwa

Benchi letu liko chini ya Arua Hill, pale barabara ya kupanda kwenye nyumba za maofisa inapoanzia, na Mama Kulusum huchemsha kahawa yake hapo katika jabana, lile birika la udongo lenye shingo ndefu. Mimi hukaa mwisho, karibu na moto. Katikati hukaa Lukumani, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Kushoto kwake yuko Fadhul Fatuwa, aliyesoma chuo cha Kurani mwaka mmoja tu na tangu hapo anatoa hukumu juu ya kila kitu, halafu Ayiko wa Onduparaka, Refa, ambaye mechi zikimalizika kule anakuja kupiga filimbi kwetu. Asubuhi hiyo, mwaka wa sabini na tatu, alishuka mzee Tahiru, sajini mstaafu, mlinzi wa nyumba ya daktari Mgoa aliyeondoka Uganda mwaka uliotangulia, Wahindi walipofukuzwa. Daktari aliacha spanieli, mbwa wa manyoya marefu na masikio ya kufagia chini, na Tahiru aliapa kumtunza. Kesho yake ofisa mpya alikuwa anahamia. Mkewe alikwisha kusema: akimkuta mbwa safi, atabaki, akimkuta vile alivyomwona, kama gunia la jalalani, askari atampiga risasi. Tahiru alishika kitana cha chuma, na kiganja chake kilikuwa na alama mbichi ya meno.

TAHIRU: Salaam aleikum. Nataka mutu moja.

REDIO: Aleikum salaam, Sajini. Mutu ya nini?

TAHIRU: Ya kushika kichwa ya mbwa. Yeye anashika, mimi nachana. Hapa chini ya miguu ya mbele, na nyuma ya masikio, manyoya imefunga mafundo, inavuta ngozi. Nikigusa, anauma mimi. Peke yangu siwezi.

FATUWA: Lakini uliosha yeye?

TAHIRU: Niliosha! Juzi Redio hapahapa alisema osha kwanza na sabuni. Nikaosha. Mafundo yote ikakaza kama kamba ya kitanda.

REDIO: Na ilikuwa haki. Samaki mkunje angali mbichi.

TAHIRU: Hii si samaki! Bibi ya daktari alinionyesha zamani: chana kavu, anza na ncha, ingia polepole mpaka karibu na ngozi. Maji baadaye. Nikaacha maneno yake, nikashika yako. Sasa kazi najua. Nakosa mikono tu. Kidole moja haivunji chawa.

REFA: Eh! Kumbe iko na chawa! Ungesema mapema!

Tahiru alivuta pumzi kama mtu anayehesabu mpaka kumi kwa amri ya daktari. Redio akasogea mbele kidogo. Akisogea hivyo, mjue ameshapata nadharia, na mwenye haraka aondoke.

REDIO: Sikia mimi. Hii manyoya ni ya baridi. Kule Ulaya theluji ikianguka, mafundo inalegea yenyewe. Tafuta barafu, lalisha mbwa juu yake.

TAHIRU: Barafu iko wapi hapa Arua?

REDIO: Mimi nimeleta akili. Barafu ulete wewe.

FATUWA: Ngoja kwanza, tusiharibu dini. Mate ya mbwa ni najisi. Chukua hii kitana, funga kwa mpini ya jembe. Simama mbali, chana.

TAHIRU: Na kichwa nani anashika?

FATUWA: Mpini ya pili.

REFA: Faulo! Nyinyi wote hamujui. Dawa ni enguli. Vikombe viwili tu. Mbwa analewa, analala, unachana yeye kama maiti.

FATUWA: Pombe ni haramu!

REFA: Kwa mbwa pia?

Fatuwa akatazama juu. Hilo hawakulifikia chuoni.

FATUWA: Inategemea mbwa alikuwa ya nani.

REFA: Basi muache. Haraka haraka haina baraka. Mwezi ijao manyoya itanyonyoka yenyewe.

TAHIRU: Kesho wanapiga yeye risasi!

REFA: Ndiyo nasema. Mwenda pole hajikwai.

Redio akaangalia kushoto na kulia. Alipofungua mdomo alinong'ona, kama mwenye siri ya serikali.

REDIO: Mumeangalia ile mnyama vizuri? Ile si mbwa kamili. Wazungu walichanganya. Nusu ni kondoo.

FATUWA: Nusu gani?

REDIO: Ya nyuma. Angalia mapaja.

FATUWA: Basi nyuma inaruhusiwa kushika.

TAHIRU: Mafundo iko mbele!

Tulicheka mpaka benchi likatikisika. Refa alimwaga kahawa kwenye kanzu ya Fatuwa, na Fatuwa hata hakukasirika. Tahiru hakucheka. Alisimama wima, kisajini, mikono imebana mwilini.

TAHIRU: Chekeni. Mwaka jana homa ilinikamata, nyumba zote kule juu iko tupu. Nani alipanda kuniona? Wewe, Redio? Hii mbwa alilala juu ya miguu yangu mpaka jasho ikatoka. Mimi nilipigana Burma, sikulia. Kesho wakimpiga nitalia, na nyinyi mutasikia kutoka hapa. Basi, narudi. Mkono moja nitachana. Ile ingine, yeye aume.

Ilinichoma, na nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli. Alikuwa amekwisha kugeuka kuondoka. Hapo ndipo mgeni mmoja, aliyeketi pembeni na kahawa yake, alipoweka kikombe chini. Jina lake Saturnino, Msudani mfanyabiashara wa tumbaku, aliyeingia kwa lori kutoka mpakani Oraba na alikuwa akingoja gurudumu lizibwe.

SATURNINO: Samahani, wazee. Mimi ni mgeni. Huyu baba alisema anataka mutu moja. Sasa ni nani anakwenda?

Fatuwa alishika tasbihi. Refa akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Redio alitazama barabara upande ambao hapakuwa na kitu. Mimi nilikunywa kutoka kikombe kitupu.

KULUSUM: Kahawa imekwisha.

Haikuwa imekwisha, niliisikia ikicheza ndani alipoinua jabana. Akaimwaga yote juu ya makaa, moto ukalia na kufa.

FATUWA: Mama Kulusum! Mate ya mbwa!

KULUSUM: Maji iko, udongo iko. Nitaosha mara saba, kama dini inasema. Hii mikono imeosha watoto, imeosha maiti ya bwana yangu. Mbwa moja itaishinda? Sajini, kule juu iko meza?

TAHIRU: Hapana, mama. Meza walibeba.

KULUSUM: Na mimi mgongo yangu haiinami tena. Haya nyinyi, simameni.

REDIO: Tusimame kwa nini?

KULUSUM: Mbwa atasimama juu ya benchi.

Tukasimama. Nani angebishana naye? Saturnino alishika upande mmoja wa benchi, Tahiru akashika wa pili, na Mama Kulusum akatangulia kupanda kilima, kitana cha Tahiru mkononi, leso ameikaza kiunoni. Sisi wanne tukabaki barabarani na vikombe vyetu. Fatuwa aliwapigia kelele wasisahau mpini wa jembe, lakini hakuna aliyegeuka.