Mkono wa Eduvina na Mabinti wa Emperador

Ndugu, majirani na wote mliokuja kumsindikiza, marehemu Eduvina Arroyave alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 huko Belmira, Antioquia, akasoma hadi darasa la tano, na mwaka 1981 akahitimu kozi ya kupandikiza ng'ombe mbegu za dume kwa mkono, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na tisa, kisha akawahudumia ng'ombe wa ushirika wetu kwa miaka thelathini na mitano.

Tarehe 8 Disemba 1983 alifunga ndoa na Ovidio Betancur, wakajaliwa Wilmar na Nubia, ambaye ndiye anayewasomea haya, na ambaye wajomba wamemwomba asome kwa upole, naye amekataa.

Mwaka 2011 mwenyekiti wa ushirika, Don Libardo, aliyeketi hapo mbele, alituletea mbegu za dume aitwaye Emperador, ambaye mabinti zake walizaa mara moja tu, wakatoa maziwa mengi ajabu, kisha ovari zao zikajaa uvimbe wa maji, hawakushika mimba tena, wakaishia kwa mchinjaji. Eduvina alisema kasoro imo katika damu ya dume, akajibiwa mkutanoni, "Doña, dume hana neno, mkono wako ndio umezeeka," watu wakacheka, na baadhi ya waliocheka leo wamevaa nyeusi.

Aling'oa nywele za mikia ya ng'ombe themanini, akazipeleka maabara ya vinasaba Medellín pamoja na madaftari yake ya kazi, nao wakathibitisha kasoro ni ya dume, wakatabiri hata ndama gani wanaonyonya watakuja kuwa tasa. Barua ya maabara yenye majibu hayo ilimfikia mwenyekiti tarehe 2 Machi 2016, akasaini kuwa ameipokea, akaificha, tarehe 7 Machi akamwagiza Eduvina asiwapandikize tena ng'ombe wake yeye mwenyekiti mbegu za Emperador, na tarehe 18 Machi akamfukuza kazi kwa kisingizio cha mkono mbaya, huku sisi akiendelea kutuuzia mbegu zilezile kwa miaka miwili.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2022. Nakala ya barua yenye saini ya mwenyekiti tuliipata maabarani Aprili mwaka huu, Mama akaisoma kitandani, akalinganisha tarehe na daftari lake, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Nubia, isome mbele ya jeneza langu, hapo mwenyekiti hawezi kuinuka akatoka." Alifariki tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotukamulia ng'ombe wiki nzima, na wapandikizaji wenzake waliokuja na buti zao. Don Libardo, shada lako liko nje ya lango, ulichukue ukitoka, na jeneza usiliguse.

Lala kwa amani, Mama, mkono wako ulikuwa mzima.