Kinasa Sauti Kipya

Masikio hayana pazia. Mshonaji aliyeketi nyuma ya abiria wawili basini aliyasikia yote. Kijana alikuwa amepakata kompyuta na kinasa sauti kipya, akimwuliza fundi wa kompyuta aliyekaa naye kama vitaelewana, ili amrekodi mama yake aliyelazwa hospitali.

"Havielewani, kaka," fundi alisema, akipapasa matundu ya kompyuta. "Kinasa ni cha leo, kompyuta ni ya enzi za babu. Mrekodi mama kwa simu."

"Simu itabeba na kelele za wodi. Leo madaktari wanamtoa koromeo, sauti hairudi tena."

"Basi ibebe na kelele! Si ungemrekodi jana?"

"Jana alitaka kuniimbia. Nikamwambia anyamaze, aitunze sauti mpaka mitambo ikae sawa."

Basi lilisimama hospitali. Kijana alishuka, bado akiulazimisha waya kwenye tundu.