Nesi Aliyegeuza Rundo la Madaftari

"Mimi nimefika saa kumi na mbili asubuhi! Yule kaja saa nne, kashaingia!"

"Mzee, kaa. Tunaita kwa madaftari."

"Langu liko chini kabisa! Mtoto anaungua na homa huyu!"

"Kwani umezaa peke yako?"

Wasikilizaji wapendwa, huyo mwenye mtoto ni Havyarimana, mkulima. Anayemjibu ni Longinus wa mapokezi, zahanati moja huku Kibondo. Ukifika, unaweka daftari lako la matibabu mezani. Anayefuata analaza lake juu ya lako. Wakianza kuita, wanaanza na la juu. Yaani wa kwanza kufika, wa mwisho kutibiwa. Narudia: wa kwanza, wa mwisho. Na watu kimya, wanaogopa kutukanwa.

Tunayemkumbuka leo alikuwa mlangoni, anasikia yote. Nesi Winifrida. Ana barua moja ya onyo tayari, kwa kuingilia mapokezi. Ya pili ni uhamisho. Na mama yake mgonjwa yuko hapo kijijini, anamtegemea yeye.

Mara Divine, binti wa Havyarimana, akakakamaa. Macho juu.

Winifrida akalibeba lile rundo lote, akaligeuza. La chini likawa juu.

"Weee nesi! Na sisi je?" akafoka mama mmoja.

"Mwakeye, mama," Winifrida akamsalimia kwa Kiha. "Umefika saa ngapi?"

"Saa nne."

"Huyu kaja na giza. Nitakufikia, sikudanganyi."

Mama akakaa.

Ilikuwa malaria kali. Divine akachomwa sindano, akapona.

"Siku nyingine hata panadol hakuna," anasema Josephina, mdogo wake Winifrida. "Lakini dada alikuwa anakusalimia, anakwambia ukweli. Mtu anarudi kwao Murungu kwa miguu, hana dawa, na hanung'uniki."

Barua ya pili ilikuja, wasikilizaji. Ikampeleka Munanila, mbali na mama yake. Jumanne iliyopita presha ilimuua huko, akiwa na miaka arobaini na tisa. Josephina, pole. Familia nzima, poleni sana. Na wewe uliyekaa mapokezi sasa hivi, redio iko pembeni: daftari la chini kabisa ni la nani? Liangalie.

Siku ile ya barua, kabla haijaandikwa, mganga mfawidhi, Elisante, alimsogezea karatasi na kalamu.

"Saini kwamba umekosa. Ubaki hapa na mama yako."

Winifrida akaitazama ile karatasi. Akairudisha kalamu.

"Mtoto anapumua, daktari. Andika uhamisho."

Akageuka, akaondoka.