Kadi Kumi na Nne za Neno Moja

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Kamusi, Mhariri Mkuu, Ndugu Mpiga Chapa uliyetusubiri mpaka mvi zikakuota, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe Baba Watoto pale mstari wa nyuma, usijifiche, nimekuona: hamjambo?

Nimefurahi leo mpaka miguu haitulii. Jamani, nastaafu!

Mheshimiwa amenisifu hapa, nikavimba kichwa, halafu akanitega: ameniomba mbele yenu niongeze mwaka mmoja, nimalizie neno lililobaki. Lipi hilo? Mnalijua. Mnacheka nini sasa? Ni autarkeia, neno la Wagiriki wa kale, maana yake utoshelevu, hali ya mtu kuridhika na alicho nacho.

Wageni wetu, ofisi hii inayotunga kamusi ya Kigiriki kwa Kiswahili ina desturi yake: kila neno lina kadi moja, na kadi haiingii kwenye droo mpaka mwenye neno aitie sahihi. Bila sahihi, hakuna kitabu. Basi mimi nilikabidhiwa kadi hii miaka tisa iliyopita. Nikaandika "kujitosheleza." Nikaiangalia, nikaona bado, hata ghala lililojaa si linajitosheleza? Nikaongeza "kuridhika." Lakini hata mvivu huridhika! Nikaongeza maelezo, nikaongeza mifano, nikabandika kadi ya pili kwa gundi, ya tatu, ya nne, mpaka zikafika kumi na nne. Waheshimiwa, mmewahi kuona kichekesho kama hiki? Neno zima linasema imetosha, na mimi, msomi wenu mnayempigia makofi, nashindwa kutosheka nalo! Mhariri Mkuu aliniuliza, "Mama Kadi, hilo ni neno au mkeka?" Nikamnunia wiki nzima. Nisamehe, kaka. Kweli lilikuwa mkeka.

Ila kuna mtu aliyeumia. Baba Watoto ni fundi saa. Alifunga meza yake miaka sita iliyopita, akasema ananingoja tupumzike pamoja, na kila mwaka mimi nikamwambia, "Bado kidogo, mume wangu." Mwezi uliopita akaleta nyumbani viti viwili vya barazani. Nikamfokea, "Viwili tu? Si ungechukua sita?" Akanijibu, "Tuko wawili." Akakaa kwenye kimoja, akaanza kumenya chungwa, ametulia tuli, na kile kingine kitupu pembeni yake.

Nililia, sitawaficha. Miaka tisa natafuta maana kwenye vitabu vinene, kumbe maana imekaa barazani kwangu inamenya chungwa!

Kwa hiyo asubuhi hii nimezibandua kadi kumi na tatu, zote, na kucha zangu ni shahidi. Sikilizeni iliyobaki: "Autarkeia: kuwa na kinachokutosha, na kulijua hilo ungali nacho." Basi. Mhariri Mkuu, usinitolee macho, mifano haimo.

Mheshimiwa, mwaka wako nakurudishia kwa mikono miwili na heshima zote. Natia sahihi mbele yenu... haya, hiyo hapo. Ndugu Mpiga Chapa, njoo uichukue mbio, mkono wangu bado unawashwa kuongeza neno.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa miaka yote mliyonivumilia.

Baba Watoto, inuka twende. Nimemaliza.