Kicheko cha Akiba

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mwanamume mwenye tai alihama kiti ndani ya basi la barabara ya Sunset, Los Angeles, akaketi karibu na Renata Kosinski.

“Wewe mama ndiye uliyeongoza kile kipindi cha mchekeshaji,” alisema. “Umenivunjia ndoa.”

Renata alikuwa ameongoza vichekesho vya televisheni kwa miaka thelathini, na lawama hii ilikuwa mpya kwake. Mtu huyo, Wendell, alieleza kwamba mchekeshaji alisimulia habari za mama mkwe aliyeunguza bata mzinga wa sikukuu mpaka zimamoto wakaja, na papo hapo kamera ikamwonyesha Wendell, aliyekuwa ukumbini kati ya watazamaji, akicheka hadi machozi. Mama mkwe wake alikuwa ameunguza wa kwake Novemba iliyopita. Sasa mkewe amehamia kwa mama yake.

“Kicheko kile tulikirekodi kabla mchekeshaji hajapanda jukwaani,” Renata alisema. “Tunawaambia watu wacheke, halafu tunakichomeka popote panapofaa. Ndiyo kazi, bwana.”

“Basi mwambie mama mkwe mwenyewe. Anapandia kituo kijacho.”

“Nitamwambia. Ila ataniuliza, mtu anachekaje vile bila kuchekeshwa?”

“Mbona rahisi! Tazama.”

Wendell alicheka huku ametupa kichwa nyuma, akijipiga mapaja, na Renata, kwa mazoea, akaona kicheko hicho kingefaa kabisa. Basi lilisimama. Mlango ukafunguka, na mwanamke mwenye kofia ya zambarau akaweka mguu mmoja ndani. Alimtazama mkwewe, ambaye bado alikuwa akicheka, akaurudisha mguu chini. Mlango ukafungwa.