Historia ya Mama Nani-Kamwona

Mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya, majirani wa ghorofa zote za jengo letu, ndugu na jamaa mliotoka mbali na mliotoka mlango wa pili, sisi watoto wake tunawaomba mtuvumilie tuwasomee taratibu safari ya mama yetu, kwa maana yeye mwenyewe hakupenda kukimbizwa, isipokuwa akiitwa kwa mgonjwa.

Mama yetu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1949, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya matofali ya kuchoma, akiwa mtoto wa tano kati ya saba, baba yake akiwa mchoma matofali na mama yake akiwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Alibatizwa Jumapili ya tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, na bibi yake aliyembeba siku hiyo alisema kwamba mtoto huyu macho yake hayatulii, kila mtu anataka kumwona.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza darasa la saba mwaka 1963, akiwa wa tatu katika darasa la wanafunzi arobaini na wawili, jambo alilolitaja mara nyingi kiasi kwamba wajukuu wake walilijua kabla hawajajua kuhesabu mpaka arobaini na mbili. Hakuendelea na masomo, kwa kuwa baba yake aliugua kifua na nyumba ilihitaji mikono, naye hakulinung'unikia hilo mbele ya watu.

Alijifunza kushona katika darasa la akina mama pale kanisani, na tarehe 3 Machi 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, akawekwa meza ya kola, na hapo alikaa miaka thelathini na mitano mpaka alipostaafu mwaka 2004. Kazi hiyo ilimwingia mwilini, akawa haoni kola iliyokaa upande, hata ya mtu asiyemjua barabarani, bila kunyoosha mkono na kuiweka sawa, na wapo humu ndani leo, akiwamo Mchungaji, waliowekwa sawa wakiwa mlangoni mwa kanisa.

Tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa na baba yetu, fundi bomba, mtu mpole aliyeimba sauti ya nne na kunukia gundi ya mabomba hata siku ya Jumapili. Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza mwalimu, wa pili muuguzi, wa tatu aliyetwaliwa akiwa na miezi sita mwaka 1979, na wa nne fundi bomba kama baba yake, na kwa hao wamepatikana wajukuu tisa.

Sasa tunafika mahali ambapo mama alituagiza tusiparuke. Mwaka 1994 baba yetu aliugua figo, akalazwa wiki kumi na moja, kisha akahamishiwa hospitali ya mji mwingine, mama akafuatana naye, na kila Jumapili hapa kanisani jina la baba lilisomwa kutoka katika daftari la wagonjwa, na watu waliinamisha vichwa wakamwombea kwa moyo. Baba alifariki Jumatatu, tarehe 7 Novemba, mama akaupeleka mwili moja kwa moja kwao baba, akazikwa huko Alhamisi. Majirani walipata habari, washarika wachache walizisikia, lakini kila mmoja alidhani mwenzake ameshazifikisha, na mambo ya kudhani mnayajua.

Jumapili ya tarehe 20 Novemba mama alirudi kanisani, akakaa benchi la nne akiwa na nguo za msiba, na katibu wa kanisa akasimama, akafungua daftari, akaomba washarika waendelee kumwombea ndugu yetu fundi bomba apate nafuu upesi. Waliomba, na mama akiwa katikati yao alisikia kanisa zima likimwombea afya mtu aliyelala kaburini siku ya kumi. Wengine wangetoka wasirudi tena, na tunakiri kwamba sisi wanawe tulitaka hivyo. Yeye alingoja ibada iishe, akamfuata katibu mezani.

Katibu akalifunga daftari, akasema, "Mama, nisamehe, jina lilikuwa kwenye orodha."

"Jina lilikuwapo, baba. Watu ndio hatukuwapo," mama alijibu. "Hili daftari nipe mimi."

Tangu siku hiyo alilitunza daftari la wagonjwa kwa karibu miaka thelathini, madaftari kumi na moja, yote akiyavika majalada ya vitambaa vilivyobaki kwenye majoho ya kwaya, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba halisomwi jina la mtu ambaye hakuna aliyekwenda kuketi naye wiki hiyo. Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya alisimama mlangoni na kuuliza, "Nani amemwona?" Mtu akianza, "Tumesikia kwamba...", alimkatiza kwa upole, "Sikuuliza nani kasikia, mwanangu. Nani kamwona?" Ndivyo alivyopata jina ambalo wengi wenu hamkumjua kwa jingine. Yeye aliamini kwamba kanisa si watu wanaojua habari zako, ni watu wanaojua mlango wako.

Hakuwa malaika, na kucheka alijua. Wakati wa kupaka rangi kanisa, ndugu mmoja, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa, alituma salamu kwamba mgongo umemlaza, mama akaenda siku hiyohiyo, akamkuta juu ya paa lake akigongelea bati. Daftari la mwaka ule lina mwandiko wake: "Nimemwona. Ni mzima kabisa. Tumwombee hata hivyo."

Lakini mtu mmoja hakuwahi kuvuka kizingiti chake, naye ni katibu. Alimsalimu mama mlangoni mwa kanisa miaka yote, alimpisha kwenye benchi, lakini nyumbani kwetu hakuja, si siku ya mavuno, si siku ya arusi zetu, kwa kuwa aibu ilimfunga miguu. Mama alikwishamsamehe mbele ya mchungaji, ila alisema msamaha wa mlangoni haujakaa kitako.

Tarehe 2 Februari mwaka huu, 2024, mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, mkono ulioshona na kuandika ukalala. Mlikuja kwa wingi, mlipika, mlimgeuza kitandani, mlimwimbia, lakini mlipotaka kuliandika jina lake alikataa, akasema kwa shida, neno moja moja, kwamba asiandike mtu mpaka katibu aje. Jumapili kumi zilipita jina lake halijasomwa, na sisi tuliogopa kwamba ataondoka hivyo. Mwanawe muuguzi alimsihi, "Mama, mzee wa watu ana miaka themanini na moja, ngazi hataziweza." Mama akafumba macho tu.

Jumamosi ya tarehe 13 Aprili, saa nne asubuhi, tulisikia fimbo kwenye ngazi, ikipumzika, ikipanda, ikipumzika. Katibu aliingia, akaketi kwenye kiti cha cherehani kando ya kitanda.

"Umechoka, baba?" mama aliuliza.

"Ngazi ni arobaini na moja, mama," katibu alisema. "Nimezipanda kwa miaka thelathini."

Mama alisukuma daftari kwa mkono wa kushoto. Katibu akasema macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Miguu je?"

"Miguu imefika."

Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka, jina la mama yetu, na chini yake, "Nimemwona." Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akamwekea kola sawa. Kesho yake jina lake lilisomwa hapa, na Jumatano ya tarehe 17 Aprili, saa kumi na moja alfajiri, alilala katika Bwana, akiwa na miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliobeba maji na kumbeba yeye, wafanyakazi wenzake wa meza ya kola, ambao wamemshonea vazi la leo, Mchungaji, kwaya, na katibu wetu, ambaye daftari liko mapajani mwake hivi sasa, na ameomba vijana wawili wa kumsindikiza kwenye ngazi za watu.

Mama, tangu jana jioni tumepita mbele yako mmoja mmoja, na katika umati huu wote hakuna aliyekuja kwa kusikia tu. Pumzika kwa amani. Tumekuona.