Kona Kumi na Moja za Njia ya Kileleni

30 Juni

Kwa Mzee Kona, msimamizi wa njia za msitu

Leo Mzee Kona anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Alianza kama kibarua wa kufyeka nyasi, na anaondoka akiwa msimamizi wa njia zote za msitu wetu.

Jina hilo alipewa na njia ya kileleni. Zamani ilipanda moja kwa moja, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Mvua iliichimba, baiskeli zilishuka kama risasi, na waliokwenda kwa miguu walijitupa vichakani. Mwalimu mmoja alipovunjika mguu, wakubwa wakaamua kuifunga kabisa. Mzee Kona aliomba apewe kiangazi kimoja tu aitengeneze upya, ipande kwa kona kumi na moja.

Alifanya kazi hiyo na marehemu mume wangu, fundi wa mawe. Walimwaga ndoo ya maji njiani, wakachuchumaa kutazama yanakimbilia wapi, ndipo wakachimba. Sisi wakata tiketi wa getini tulicheka, tukisema wazee wawili wanamwagilia mlima uote. Mume wangu alitujibu tusubiri mavuno.

Hakuyaona. Alituaga wakiwa kwenye kona ya tisa. Mzee Kona alizimaliza zilizobaki peke yake, na kila jioni alipita kwenye dirisha langu la tiketi kuniambia, shemeji, leo tumesogea hatua kumi. Bado alijihesabu wawili.

Wakaguzi waliotumwa na wakubwa kuamua kama njia ifungwe walikuja baada ya siku tatu za mvua. Njia ililowa, lakini haikuchimbika popote. Mbele ya macho yao, kwenye kona ya sita, walikutana kijana wa baiskeli, mpanda farasi na bibi mwenye mkongojo. Baiskeli ikasimama, farasi akapita taratibu, na bibi, ambaye hakuwa ameamkiwa, akamwuliza kijana kama breki zimemshika hadi ulimi. Mkaguzi mkuu alicheka, akafunga faili lake. Njia haikufungwa.

Miaka tisa imepita, na hakuna mguu mwingine uliovunjika pale. Wiki iliyopita nami nilipanda hadi juu kwa mara ya kwanza, kwa magoti haya yaliyozoea kiti, bila kushikwa mkono. Nilipumzika kwenye kona ya tisa, kisha nikaendelea.

Mzee Kona, asante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na miaka mingi nyumbani na wajukuu. Siku ukija kupanda kama mgeni, usitusahau sisi wa getini. Pita dirishani utusalimie.